Uliza Mwalimu: "You might want to" ni ombi au ni amri?

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mbale, ofisi yetu inauza kahawa ya Bugisu kwa wateja wa nje na kazi yangu ni kujibu imeili. Juzi mteja mmoja wa Uingereza kaniandikia "You might want to check the weight on the invoice", mi nikaona anasema nikipenda, basi sikupenda, nikaendelea na mambo mengine. Wiki haijaisha akaandika tena, safari hii kwa bosi, kumbe uzito ulikosewa kweli. Na kabla ya hapo nilimwandikia mwingine "You had better pay by Friday" nikijua better ni bora, nikaona nimekuwa mpole, jamaa akanijibu baridi kama barafu. Hivi vineno might, could, should, must vina nini?
Karani wa Kahawa, Mbale

Marahaba karani, na pole kwa ya bosi. Shida ni kwamba kila kimoja cha hivyo vineno kina kazi mbili, ya kwanza kusema una uhakika kiasi gani, ya pili kumsukuma mtu au kumwachia, na shule wanafundisha moja wanakimbilia mtihani. Lakini hata Kiswahili chetu kiko hivyo hivyo. Ukisema "lazima ulipe" unamsukuma mtu, ukisema "lazima amefika, pikipiki yake iko nje" hapo humsukumi yeyote, umeona ushahidi ukapiga hesabu kichwani. Must nayo ndo hivyo, "You must pay" na "He must be here, his bike is outside".

Sasa tuanze na uhakika. Umeita boda, uko ndani unatafuta viatu, mlango unagongwa. Ukisema "That'll be the boda" huna wasiwasi kabisa, na angalia vizuri, hiyo ni will ya wakati ujao kwa kitu kinachotokea sasa hivi, kama sisi tunavyosema "huyo atakuwa wa boda" na hakuna anayeuliza atakuwa lini. "That must be the boda" nimepiga hesabu. "That should be the boda" muda wake umefika, namtarajia yeye. "That could be, might be, may be" basi huenda ni yeye, huenda ni jirani amekuja kuomba chumvi. Vitabu vingi vinasema might iko chini ya may, lakini ukiwasikiliza wenyewe wakiongea hiyo tofauti ni nyembamba sana, ninachokiona mimi ni kwamba may inanukia makaratasi na ofisi, might ndo ya mdomoni. Na kama umepiga simu dakika moja iliyopita na boda yuko ng'ambo ya mji, unasema "That can't be the boda", hawezi kuwa yeye. Hapo usiseme mustn't.

Na hapa kuna mtego ambao umetengenezwa na Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema "inaweza kunyesha kesho", basi mtu anaandika "It can rain tomorrow". Hapana. Kwa jambo moja la kesho ni could, might au may. Can ni ya tabia ya kitu, "Mbale can be cold at night", yaani kuna usiku unakuwa baridi, si usiku wa leo hasa.

Turudi kwa mteja wako maana hapo ndo pesa ilipo. Mwingereza akitaka kukwambia umekosea mara nyingi hasemi umekosea, anajificha nyuma ya uwezekano. "You might want to check" maana yake angalia, tena sasa. "That could be difficult" mara nyingi ni hapana. "I would have thought the price was lower" ni kwamba bei imemshtua na anataka maelezo. Usimcheke, na sisi tunayo -nge- yetu, mzee akikwambia "ungejaribu kuangalia tena mwanangu" wewe unabaki umekaa eti kasema ungejaribu? Si unainuka mara moja. Ulivyomsoma huyo mzee ndivyo umsome mteja.

Had better sasa, hiyo ni bora yenye fimbo nyuma. "You had better pay" ni kama kusema lipa la sivyo utaona, ndo maana jamaa kapoa ghafla. Andika "Could you please pay by Friday?" na hiyo could haina uhusiano na jana wala juzi, ni adabu tu. Should ni maoni, unaweza kumpa mwenzako wa kazini, na ukitanguliza "I think" inalainika zaidi. Must kwa mteja iache, isipokuwa unamkaribisha, "You must come and see the harvest", hiyo haimkeri mtu, ni karibu sana. Wenyewe pia wanaipunguza, tangu miaka ya 1960 must, may na shall zimekuwa zikishuka kwenye maandishi ya Uingereza na Marekani, have to na need to ndo zimepanda. Ukikuta shall imejaa mahali, pengine unasoma sheria au mkataba.

Mwalimu, rafiki yangu alikuwa anaumwa, nikataka kumwambia si lazima aje kwenye kwanjula ya dada yangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, nikamwandikia "You must not come". Hadi leo hanisalimii.
Dada wa Jinja

Dada, umemfukuza! "Must not" ni marufuku, usije kabisa. "Si lazima" ni "You don't have to come". Ukiweka si mbele ya lazima, Kiswahili kinaondoa ulazima wenyewe, lakini Kiingereza kinaacha ulazima pale pale kinakataza safari. Mpigie simu, usimwandikie tena, na umweleze kwa lugha mnayoelewana wote wawili.

Maybe na may be ni kitu kimoja? Mwanangu kakatwa alama.
Mzazi, Busia

Hapana nyabo, au ssebo kama ni baba. Ikiandikwa pamoja ni labda, "Maybe she is sick". Ikitengana ni kitenzi, huenda yuko, "She may be sick". Njia ya haraka, weka might mahali pake. "She might be sick" imekaa vizuri, basi tenganisha. "Might she is sick" imegoma, basi unganisha. Na mwambie mtoto asiandike "she mays" wala "she cans", hivi vineno havivai s hata siku moja.