Mfalme ni Mmoja, Viza Iko Palepale

Mpwa wangu, umeniandikia kwamba kuna dalali hapo Mombasa anakupangia njia: uende Jamaika, upate pasi ya huko, kisha uingie Uingereza bila kuulizwa, kwa kuwa nchi hizo mbili mfalme wao ni mmoja. Wataka kujua kama ni kweli. La mfalme ni kweli. Hayo mengine amekudanganya.

Mfalme Charles ndiye mkuu wa dola ya Jamaika hadi leo, ingawa Desemba 2024 serikali yao ilipeleka bungeni mswada wa kumwondoa. Rufaa za mwisho za kesi zao husikilizwa hapa London, kwenye mahakama ya Privy Council. Lakini tangu Januari 2003 Mjamaika hatii mguu hapa bila viza, hata kama anakuja kumzika mamake. Faili la kesi yake lasafiri, yeye asubiri.

Vinavyopita bila tabu ni vyakula. Nenda soko la Brixton uone: viazi vikuu, shelisheli, pilipili mbuzi, utadhani uko Marikiti. Kuna mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 2019 kati ya Uingereza na nchi za Karibi, ukaanza kutumika 2021, na bidhaa za Jamaika zaingia bila ushuru wa forodha. Kenya nayo ilitia saini wake Desemba 2020, ndio maana maua na parachichi zetu hazitozwi. Wewe si parachichi, mwanangu. Wala hao Wajamaika usidhani wametajirika kwa huo mkataba. Zamani, kuanzia 1975, Ulaya ilinunua kiasi maalumu cha sukari yao kwa bei nzuri iliyokubaliwa. Mpango huo ukafutwa mwaka 2009, na sasa mkulima wao wa miwa ashindane na mashamba ya Brazil. Kusamehewa ushuru ni jambo jema, ila hakujazi gunia.

Lakini lililonifungua macho ni habari za wazee wa Kijamaika ninaoishi nao mtaani. Kizazi chao kilianza kuja na meli ya Windrush mwaka 1948, wakiwa raia kamili wa dola ya Uingereza, wakaendesha mabasi na kuuguza wagonjwa. Watoto wengi walikuja kwa pasi za wazazi, hawakupewa karatasi yoyote. Wamesoma hapa, wamelipa kodi hapa, kisha uzeeni wakaambiwa wathibitishe kwamba wana haki ya kukaa. Wengine walifukuzwa kazi, wengine wakanyimwa matibabu, na serikali yenyewe ilikuja kukiri kuwa angalau 83 huenda waliondolewa nchini kimakosa. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Theresa May aliwaomba radhi viongozi wa Karibi, na waziri wake wa mambo ya ndani, Amber Rudd, akajiuzulu. Sasa kama hao yaliwapata hayo, wewe na pasi yako ya dalali utamweleza nini afisa wa uhamiaji?

Na sikiliza hili. Utumwa ulipopigwa marufuku kwa sheria ya 1833, waliolipwa fidia ni mabwana, pauni milioni 20, na deni hilo serikali ilimaliza kulilipa mwaka 2015. Yaani kodi za wale wazee wa mabasi zilikuwamo. Mwaka huohuo David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akaenda Kingston. Jamaika yataka fidia ya utumwa, yeye akaja na pauni milioni 25 za kusaidia kujenga jela, ili wafungwa wa Kijamaika walioko Uingereza warudishwe kwao. Baadaye Jamaika ilikataa, na mimi nawapongeza.

Kwako wewe ni hivi. Kazi ya kutunza wazee, iliyowaleta wengi wetu, ilifungiwa waajiriwa wapya kutoka nje Julai 2025. Uuguzi bado uko wazi, na Kenya ina makubaliano na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya tangu Julai 2021. Umebakiza muda mchache chuoni, malizia. Huyo dalali kama umeshampa kianzio, mchukue babako mwende mkakidai, na nauli ya Kingston usimkope mtu.