Maua ya Msituni Chini ya Miti: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Mhariri, sehemu kubwa ya bustani yangu iko chini ya miti inayopukutisha majani. Kabla ya baridi kuingia nilipanda matunguu makavu (sehemu za ardhini zenye akiba ya chakula) ya galanthasi na anemoni ya msituni, maua madogo ya machipuko, lakini machipuko yalipofika yalichomoza machache tu, nayo yakanyauka kabla ya kiangazi. Je, kivuli kimezidi? Nikate matawi?

JIBU: Shoka liweke chini kwanza, kwa kuwa kivuli sicho kilichokukosesha maua. Mimea hii huishi kwa kuwahi: hutoa majani na maua wakati miti ingali mitupu na jua linafika ardhini, na majani ya miti yanapofungamana juu, yenyewe huwa imekwisha kujiwekea akiba ya chakula na kulala hadi mwaka ufuatao. Kunyauka ulikokuona ni mwenendo wake wa kawaida; usiyakate majani yanapogeuka manjano, wala usiyafunge mafundo kama wafanyavyo wapenda unadhifu, kwani ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya maua ya mwakani. Ingekuwa habari nyingine kama miti yako ingekuwa misonobari, ambayo kivuli chake hakiondoki mwaka mzima.

Kasoro, kwa maoni yangu, imo katika ununuzi. Tunguu la galanthasi ni dogo na hukauka upesi likikaa rafuni, na anemoni ndiyo mbaya zaidi, maana shina lake la ardhini ni jembamba, la kahawia, mtu asiyelijua angelitupa akidhani ni kijiti kikavu. Anemoni kavu ziloweke usiku kucha kabla ya kuzipanda kwa kina cha sentimita 5 hivi. Galanthasi zinunue mara zinapomaliza kuchanua, zingali na majani mabichi, uzipande siku hiyo hiyo; sehemu nyeupe iliyo chini ya majani itakuonyesha udongo ulikuwa umefika wapi, nawe uurudishe hapo hapo. Juu yake tandaza mboji ya majani yaliyooza, wala usihangaike na mbolea kali, ambayo hunufaisha magugu zaidi. Maji yanahitajika hasa majani yakiwa mabichi.

SWALI: Nilipanda mbegu za triliamu, ua la msituni lenye petali tatu, chunguni mwaka jana na hakuna kilichoota. Je, zilikuwa mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Kwa kawaida mbegu ya triliamu hutoa mzizi baada ya baridi ya kwanza, na jani huonekana baada ya baridi ya pili, huku ua la kwanza likichukua mara nyingi miaka 7 au zaidi. (Huko msituni mbegu hizo husambazwa na sisimizi, wanaofuata kijinyama chenye mafuta kilichoshikamana nazo.) Kiache chungu nje kivulini, udongo usikauke, na usiumwage kabla ya machipuko ya pili kupita.