Barua ya jiji juu ya gari bovu nyumbani

Ndugu yangu, barua uliyoletewa hapo Houston kwa ajili ya Corolla isiyowaka uani usiiweke kabatini. Sheria ya Texas inakupa siku zisizopungua 10 uliondoe, au uombe kusikilizwa kabla muda haujaisha. Ukisikilizwa, gari linahesabiwa bovu mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, kwa hiyo badilisha betri, liwashe, lirekodi video likitembea. Usihangaike kulipeleka kwa shemeji: likikaa huko katika hali ileile na linaonekana toka barabarani, kesi inaendelea. Kulifunika kwa turubai tu nisingekutegemea. Liingize kwenye gereji ya nyumba, mlango ufungwe. Kama halitengenezeki, waite wanunuzi wa skrepa wiki hii. Faini hufika dola 200.