Shangazi, mamangu amenikuta nikifua petikoti

Habari Shangazi, mimi ni baba wa watoto wawili naishi huku Kaptembwo, Nakuru. Kiwanda nilikua nafanya kilipunguza watu mwaka jana mwezi wa nane na tangu hapo sijapata kitu ya maana, ni vibarua tu vya hapa na pale. Bibi yangu ndiye ametushikilia, anauza nyanya na vitunguu, saa kumi alfajiri ashatoka kwenda Wakulima kuchukua mali na kurudi ni saa mbili usiku, kwa hivyo mimi ndio naamsha watoto, napika uji, nateka maji, nafua, jioni nasonga ugali. Hatujawahi gombana juu ya hiyo, tulizoea tu.

Sasa wiki mbili zimepita mama yangu akatoka Vihiga bila kupiga simu, akanipata kwa bomba ya ploti niko na beseni, mkononi petikoti ya bibi yangu na povu hadi kwa kiwiko, na majirani watatu wa kike wako hapo wanafua zao. Hakusema kitu. Aliingia nyumbani akaketi na mkoba kwa magoti kama mtu anangoja matatu. Usiku ndio akalipuka, ati nimekaliwa chapati, ati kwetu mwanaume hajui hata sufuria ziko ngapi jikoni, ati nimefanyiwa kitu. Kisha akashika kidevu cha kifungua mimba wetu wa miaka tisa akamwambia fungua mdomo, akamuonyesha bibi yangu yale meno ya mbele yamekua kahawia, akasema haya ni meno ya mtoto hana mama. Bibi yangu alilia.

Mama alirudi nyumbani lakini kila siku anapigia dada zangu. Sasa bibi anasema nisifue tena pale nje, nifue usiku ndani ya nyumba watu wasione. Shangazi, niko mwanaume ama siko?
Baba Wawili, Kaptembwo

Shangazi anajibu:

Baba Wawili uko, hiyo tumalize kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali umesema mama anajua kazi iliisha, sijapaona. Hajui, si ndio? Yule mama amepanda gari kutoka Vihiga akijua mwanawe ako kiwandani, anafika siku ya kazi mchana anakupata na petikoti, na wewe mwenyewe hukufungua mdomo, ulitaka afikirie nini? Ameangalia akaona mwanaume ameacha kazi ili afulie mke, na kwa hesabu ya mtu hajaambiwa ukweli hiyo ni dawa umewekewa kwa chakula. Na kama bado unamtumia kitu mwisho wa mwezi kwa laini yako, jua anashukuru wewe na pesa imetoka kwa nyanya za huyo anaitwa mchawi. Hapo ndipo nimekasirika na wewe kidogo. Bibi yako amekufichia aibu mwaka mzima, na siku ametukanwa mbele ya watoto wake ukanyamaza.

Sasa meno, maanake hiyo ndiyo iliniuma. Mtu yeyote amekulia Nakuru anajua hayo meno, ni maji. Maji mengi ya visima vya huku Bonde la Ufa yako na floridi nyingi inatoka kwa mawe ya volkano, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanakuja kutokea na madoa. Kwa hivyo huyo wa miaka tisa hata ungemsugua na mkaa asubuhi na jioni hayatoki, na si uchafu, muache kumwaibisha. Lakini hujaniambia mdogo ako na miaka ngapi. Kama hajafika nane bado kuna kitu unaweza kufanya. Na usichemshe ukidhani umetibu, kuchemsha kunaua vidudu lakini floridi inabaki, tena maji yakipungua kwa sufuria inazidi kukolea, na dawa ya kuweka kwa mtungi pia haiitoi. Tega ya mvua kwa mabati, yale ya kwanza ya kuosha paa uyamwage, hayo mengine weka ya kunywa na ya uji. Ama utafute chujio ya mkaa wa mifupa, hapa Nakuru zimetengenezwa miaka mingi. Maji ya kisima yabaki ya kufulia hizo petikoti.

Na ukisikia tena ati kazi ya nyumba si kazi, hapa tu Nakuru mwaka wa 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu alikua na kesi ya mali ya mume na mke, akasema kulea watoto na kuangalia nyumba ni kazi ya kutwa na ihesabiwe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 imeandika kazi za nyumbani kama mchango na haijasema lazima afanye mwanamke. Lakini usiende kumsomea mama sheria, atasema sasa umeongezewa wazimu.

Enda Vihiga wewe mwenyewe, si kwa simu na si kupitia dada zako. Kuku itachinjwa na najua firigisi italetwa kwa sahani yako, basi kabla uiguse mwambie mama kazi iliisha mwezi gani, nani analipa nyumba, nani ananunua unga, na ile pesa ya mwezi inatoka wapi. Mwambie na ya meno. Kama atataka kuomba msamaha ampigie bibi yako mwenyewe, usibebe wewe.

Hiyo ya kufua usiku ndani ya nyumba hapana. Nguo hazikauki, zinabaki na ile harufu ya unyevu na watoto waende nayo shule. Fua tu pale kwa bomba asubuhi, jua likiwa zuri. Petikoti uianike kamba ya nyuma, mbele utandaze shuka, hata hao majirani watatu ndivyo wanafanya zao.