Kwa nini Wapartizani walilipua daraja la Jablanica, huko Bosnia na Herzegovina, kisha wakavuka palepale?

Wapartizani, wapiganaji wa Kikomunisti wa Yugoslavia walioongozwa na Tito dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa na majeruhi na wagonjwa wapatao 4,000, wengi wao wa tifasi, homa ienezwayo na chawa, na mwendo wao ndio uliopanga kila kitu. Mwanzoni mwa Machi 1943 walilipua madaraja ya mto Neretva, kisha brigedi zao zikawashambulia Wajerumani kule Gornji Vakuf na kuwarudisha nyuma. Wajerumani wakaamini kwamba Wapartizani wanataka kutokea kaskazini, si kuvuka mto. Kama ilikuwa hila tangu mwanzo, wanahistoria bado wanabishana; matokeo yalikuwa yaleyale.

Usiku wa kuamkia Machi 7, kikosi kidogo cha Brigedi ya Pili ya Dalmatia kilitambaa juu ya mabaki ya daraja la reli na kuteka ngome ya Wachetnik, wanamgambo wa Kiserbia waliopigana na Wapartizani, ng'ambo ya mto. Ndipo mafundi wakatandika mbao juu ya vyuma vilivyoporomoka. Njia hiyo ilibeba watu, machela na wanyama, si mizinga wala magari. Hivyo silaha nzito zilitupwa mtoni. Walivuka hasa usiku, maana mchana ndege zilishambulia bonde. Wanaosimulia mbinu tu husahau gharama hiyo: mizinga iliyoachwa Neretva haikuwapo walipozingirwa tena kwenye bonde la mto Sutjeska miezi michache baadaye.