Askari wa upelelezi ni jasusi?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Mwalimu, kuna taarifa nimesoma imeandikwa 'kikosi maalumu cha ujasusi cha jeshi', walikuwa wanaongelea wale askari wanaotangulia kumchungulia adui. Niandike ujasusi au upelelezi? Mi upelelezi najua ni wa polisi."

Andika upelelezi, tena bila wasiwasi. Masikio yetu yamezoea ya mahakamani, kila siku "upelelezi haujakamilika", ndo maana ukilisikia unawaza polisi moja kwa moja, lakini kupeleleza ni kuchunguza kwa siri mpaka upate habari, iwe za kesi au za kambi ya adui. Ukisema "upelelezi wa kijeshi" utata umeisha.

Jasusi ni habari nyingine kabisa. Jasusi anaficha yeye ni nani, jina la bandia, nguo za kiraia, anakaa na adui anacheka naye. Askari wa upelelezi anaficha alipo tu, magwanda yake kavaa. Na tofauti hii inagusa uhai wa mtu jamani, kwa sababu Kanuni za Hague za 1907, yaani sheria za vita walizokubaliana mataifa, kifungu cha 29, zinasema askari ambaye hajajigeuza akiingia eneo la adui kutafuta habari hahesabiwi kuwa jasusi, akikamatwa ni mfungwa wa vita, wakati jasusi anaweza kushtakiwa na zamani wengi walinyongwa au kupigwa risasi. Kwa hiyo gazeti likimwita jasusi linamvisha kosa ambalo hana, na hilo linaniuma sana.

Chukua kikosi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilichoitwa Long Range Desert Group, alikianzisha ofisa wao Ralph Bagnold huko Misri 1940, wengi wa mwanzo walikuwa watu wa New Zealand. Mwaka 1942 walikuwa wanajibanza karibu na barabara ya pwani ya Libya, nyuma kabisa ya majeshi ya Wajerumani na Waitaliano, wamelala chini mchana kutwa juani wanahesabu malori na vifaru vinavyopita, halafu hesabu inatumwa kwa redio. Risasi hawapigi, maana wakipiga tu wamejulikana na kazi imekufa. Januari 1943 doria yao chini ya Nick Wilder ikagundua upenyo kwenye vilima vya kusini mwa Tunisia, na Machi sehemu ya jeshi la jenerali Mwingereza Montgomery ikapita humo kuizunguka ngome ya adui ya Mareth. Hao ndo wapelelezi wa jeshi, na hata "makomando" hapo halikai vizuri, komando tunamjua kwa kuvamia.

Doria nayo usiichanganye, doria ni ule msafara wa kuzunguka au kundi lenyewe linalotoka, inaweza kuwa ya ulinzi tu. Ukitaka kuonyesha wametumwa kutafuta habari sema "doria ya upelelezi".

Ile sentensi ingeandikwa: "Kikosi maalumu cha upelelezi wa kijeshi kilitangulia usiku kuchunguza ngome za adui."