Nina wateja wanane: supavisheni itanifaa nini?

Swali: Mimi ni kocha wa mameneja na wafanyabiashara hapa Kisumu. Nilimaliza mafunzo mwaka jana, nina wateja wanane, na kila mmoja namwona mara mbili kwa mwezi. Wenzangu wananihimiza nitafute supavaiza, yaani mtaalamu wa kupitia naye kazi yangu ya ukochi. Nilishakuwa na menta nilipokuwa nikitafuta cheti, je, si jambo lile lile? Na nitaelezaje habari za mteja bila kuvunja siri, ilhali mji huu tunajuana?

Jibu: Hapana, si jambo lile lile. Menta husikiliza ufundi wako: swali uliloliuliza, ukimya ulioukatiza, jinsi ulivyokubaliana na mteja lengo la kikao. Anaupima kwa vigezo vya cheti. Ndiyo maana ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, hudai saa 10 za menta katika muda usiopungua miezi 3 kabla ya kukupa cheti. Ukishapata cheti, kwa kawaida mnaachana. Supavaiza huangalia kazi nzima pamoja na wewe unayeifanya: viwango na maadili yako, kukua kwako, na mzigo unaoubeba baada ya mteja kuondoka. Hili la mwisho makocha wengi hulidharau, na ndilo linalowachosha mapema.

Chukua mfano. Mteja wako ni naibu meneja wa sacco, na anayelipa ni bosi wake. Vikao vinne vya kwanza vilikwenda vizuri. Sasa kila kikao kinapitiliza dakika 20, unatoka umechoka, na umeanza kutoa ushauri badala ya kuuliza. Unaenda kwa supavaiza na swali hili: "Mteja wangu hatekelezi tunayokubaliana, nimfanyeje?"

Supavaiza anayeijua kazi yake hatalijibu swali hilo. Atakuuliza: saa ilipofika ulisema maneno gani hasa? Ulihisi nini mwilini? Nani mwingine ana hamu ya kuona matokeo? Ndipo inapojitokeza kwamba bosi hukupigia kila Ijumaa kuuliza "anaendeleaje?", nawe unamjibu kijuujuu, kisha wiki inayofuata unamharakisha mteja ili Ijumaa upate la kusema. Mteja si mvivu. Mkataba una watu watatu lakini ulizungumzwa kana kwamba mko wawili. Tiba yake ni kikao kimoja cha watatu, dakika 30 zinatosha, mkubaliane bosi ataambiwa nini, na nani, na lini. Kwa kawaida mteja mwenyewe ndiye atoe taarifa ya maendeleo yake. Wewe unathibitisha tu kwamba vikao vinafanyika.

Anachokitumia supavaiza hapo wengi hukiita modeli ya macho saba, iliyoasisiwa na Peter Hawkins miaka ya 1980. Jicho la kwanza humtazama mteja, la pili mbinu ulizotumia, la tatu uhusiano wenu, la nne wewe mwenyewe. La tano ni uhusiano wako na supavaiza, la sita ni anachohisi supavaiza akikusikiliza, na la saba ni mazingira yote: bosi, kampuni, familia, pesa. Huhitaji kuyakariri. Lakini jicho la tano lishike, kwa sababu linashangaza: yanayotokea kati yako na mteja hujirudia kati yako na supavaiza. Ukimwendea ukidai jibu la haraka, yawezekana hivyo ndivyo mteja anavyokudai wewe, nawe umekuwa ukimpa.

Mara ngapi? EMCC, baraza la makocha na mamenta lililoanzia Ulaya, hupendekeza angalau saa 1 ya supavisheni kwa kila saa 35 za ukochi, na isipungue saa 1 kwa robo mwaka. ICF hailazimishi, ila inaihimiza. Vikao vyako vikiwa vya saa moja moja, una saa 16 kwa mwezi, kwa hiyo saa 35 zinatimia kila baada ya wiki tisa hadi kumi. Kwa kocha mchanga mimi ningeshauri kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Gharama nayo haitishi ukiipigia hesabu: ikiwa supavaiza anatoza saa moja kama unavyotoza wewe, saa 1 kwa 35 ni chini ya asilimia 3 ya mapato yako. Iingize katika ada tangu mwanzo.

Kama hata hiyo ni nzito, tafuta kikundi cha watu wanne hadi sita chenye supavaiza, saa mbili kwa kikao. Wakizidi sita, wengine hugeuka watazamaji. Makocha wakikaa peke yao bila supavaiza inasaidia kiasi, lakini marafiki hupeana moyo mno na kukosoana kidogo.

Maandalizi ndiyo nusu ya faida. Andika nusu ukurasa: kikao cha ngapi, mlikubaliana nini, kisha kauli tano au sita za mteja na zako kama zilivyosemwa, mahali pale kikao kilipokwama. Malizia na swali lako kwa sentensi moja. Usilete muhtasari uliopigwa pasi; supavaiza hawezi kuona ulichokwisha kukilainisha. Na usichague kikao unachojivunia. Kile unachotamani kukiruka ndicho cha kuleta.

Sasa siri. Kubadili jina hakutoshi hapa Kisumu. "Mama mmoja anayeongoza hospitali ya kanisa" atatambulika kabla hujamaliza sentensi. Ondoa taasisi, cheo, kabila, kanisa na mtaa. Bakisha tu kinachohusu swali lako. Pia tafuta supavaiza aliye nje ya mzunguko wako, Nakuru, Eldoret au Nairobi, mkutane kwa video. Mtandao ukisumbua, zimeni kamera mbaki na sauti. Asiwe mwajiri wako, wala mwanachama wa chama chenu, wala mtu anayekuletea wateja, kwani kwa huyo utaficha udhaifu. Ukitaka kumsikilizisha rekodi, pata kwanza idhini ya mteja kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama unafanya kazi peke yako. Dakika 10 za rekodi zinatosha, kisha ifute.

Kabla ya kumlipa mtu, muulize amesomea supavisheni yenyewe au ukochi tu, na nani humsimamia yeye. Akikosa jibu la swali la pili, endelea kutafuta.

Kuna jambo moja lisilongoja kikao. Mteja akitaja kutaka kujiua, au ukiona dalili kwamba maisha yake yako hatarini, mpigie supavaiza siku hiyo hiyo, na mteja aunganishwe na mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyehitimu, au hospitali. Asipopatikana supavaiza, chukua hatua hata hivyo. Ukochi haukuundwa kubeba hilo.

Wiki hii, kabla hujampata supavaiza, ongeza kifungu hiki katika mkataba wa kila mteja na umsomee kwa sauti: "Ili kulinda ubora wa kazi yangu, huwa ninajadili vikao vyangu na supavaiza aliyefungwa na siri kama mimi, bila kutaja jina lako wala mahali unapofanya kazi. Nitavunja siri pale tu maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au sheria ikinilazimu." Mteja akikataa sehemu ya kwanza, muulize anachohofia, na habari zake usizipeleke mpaka mkubaliane.